Banda Lenye Milango Miwili

Usimfukuze aliyefunga, ndiye ajuaye pa kufungulia.

Mliusikia msemo huu jana kwenye kikao cha maji, mzee mmoja alipousema na watu wote wakatulia, na leo mmenijia kuniuliza umetoka wapi. Mmefanya vizuri kuuliza. Watu wengi husema tu kwamba ni maneno ya wahenga, kana kwamba wahenga hawakuwa na majina. Mimi namjua kwa jina mwenye maneno haya, na siku yalipomtoka kinywani nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nimekaa juu ya ndoo yangu ya maziwa iliyofunikwa. Sogeeni basi, mambo yenyewe yalianza hivi.

Wakati huo huku juu kwetu Rungwe tulikuwa na gari moja tu lililoweza kupanda hadi nyumba za mwisho. Lilikuwa Landrova ya Mzee Asegelile Mwasomola. Alikuwa dereva wa shamba la chai kwa miaka mingi, na alipostaafu alinunua gari hilo likiwa limekwisha chakaa. Kila asubuhi alipita kwenye nyumba arobaini kukusanya maziwa na kuyashusha kituoni, kule kwenye lami. Kabla yake tulishuka kwa miguu, ndoo kichwani, mvua mgongoni. Shingo yangu hii inavyonisumbua leo ilianzia kwenye njia ile.

Mwaka mmoja, baada ya masika, gari likaanza kutoa moshi na kugonga kama mtu anayetwanga. Mzee Asegelile akasema injini imechoka, lazima ifunguliwe yote na kujengwa upya. Aliamua kuifungua mwenyewe, hapo hapo nyumbani, ndani ya banda lililokuwa kati ya barabara na jiko. Sisi tukarudia kubeba ndoo. Chama cha wafugaji kilimvumilia wiki tatu, kisha kikaitisha mkutano siku ya Jumamosi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mjini mwenye lori, aliyetaka kupewa kazi ya kubeba maziwa. Lori lake halikuweza kupanda zaidi ya kanisa. Maana yake ilikuwa wazi: gari la Mzee lisipowaka kabla ya Jumamosi, nyumba zote za juu ya kanisa, yangu ikiwamo, zingebaki na maziwa yake.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Goti la kushoto la Mzee lilikuwa limevunjika zamani, hakuweza kulala chini ya gari. Mwanawe, Lwitiko, alikuwa mbali kwenye kazi ya mgodi. Pale nyumbani mtu mwingine aliyejua kushika spana alikuwa mmoja tu, Subilaga, mke wa Lwitiko, aliyeolewa miezi minane kabla. Alitoka Kyela. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga, na binti huyo alikulia kwenye moshi wa dizeli kama wenzake walivyokulia kwenye moshi wa kuni.

Lakini alikuwa mkwe. Ninyi leo mnakula na wakwe zenu meza moja, mnacheka pamoja. Zamani kwetu mke wa mtoto hakuonana na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani aliingia migombani mpaka mzee apite. Hakumtazama, hakumsemesha, hata jina lake hakulitamka. Haikuwa chuki. Ndivyo tulivyofundishwa heshima, na mzee naye alilazimika kumkwepa vile vile.

Aliyepata njia alikuwa mke wa Mzee, Mama Tupokigwe. Banda lile lilikuwa na milango miwili. Mlango mkubwa ulitazama barabara, na huo ndio alioutumia Mzee. Mlango mdogo ulitazama jiko, na wanawake waliingia kwa huo kuchukua kuni. Basi Mzee akawa anafanya kazi asubuhi hadi adhuhuri. Akitoka, anakohoa mara mbili. Subilaga anaingia kwa mlango wa jikoni na kuendelea mpaka jua likielekea kuzama. Maagizo yote yalipita kwa Mama Tupokigwe, ambaye hakujua pistoni ni nini, lakini aliyabeba maneno ya chuma kama anavyobeba salamu za msibani, hapunguzi wala haongezi.

Kazi ilikwenda vizuri kwa siku nyingi. Mzee akija asubuhi anakuta vyuma vimeoshwa vikang'aa na nati zimepangwa kwa ukubwa. Siku moja akaguna kwamba mkono wa binti wa Kyela ni mwepesi. Hakuagiza neno hilo lifikishwe popote, lakini lilifika jikoni kabla chai haijapoa.

Ikafika siku ya pistoni. Mimi si fundi, ila nimesimuliwa mambo haya mara nyingi hadi nayaona. Injini ile ilikuwa na pistoni nne. Kila pistoni ina mkono wa chuma, mafundi huuita konrodi, na mkono huo huukumbatia kwa chini mhimili unaozunguka, nao huitwa krenki. Ili ukumbatie barabara, kila mkono una kifuniko chake kinachofungwa kutoka chini kwa nati mbili. Mkono na kifuniko chake vimechongwa pamoja. Ukichukua cha huyu ukampa yule, kitaingia, lakini kitabana. Kwa kawaida huwa na namba. Za gari lile zilikuwa zimefutika.

Asubuhi ile Mzee aliziingiza pistoni zote kwa juu. Vifuniko vinne akavipanga kwenye meza ndefu ya mbao iliyosimama kando ya ukuta, ncha moja ikielekea barabarani na nyingine jikoni. Akamwambia mkewe amweleze mkwe kwamba vifuniko viko kwa mfuatano wake: cha kwanza ni kile cha mlangoni, na aendelee hivyo hivyo hadi cha nne. Akakohoa mara mbili, akaenda zake.

Mama Tupokigwe alifikisha ujumbe neno kwa neno. Subilaga akaingia kwa mlango wake, akachukua kifuniko kilicho karibu na mlango huo, akalala juu ya gunia chini ya gari, akafunga. Alifunga vyote vinne kwa uangalifu. Alipojaribu kuuzungusha mhimili aliuona mzito, akatuma neno kwamba krenki ni nzito. Jibu la Mzee likarudi: vyuma vipya huwa vizito, afunge tu. Akafunga.

Alhamisi asubuhi injini ikawa imekamilika. Mzee akaingiza hendeli, ile nondo ya kuwashia, mbele ya gari, akazungusha. Haikutikisika. Majirani wawili wakamsaidia. Ikaenda robo ya duara, ikalia kama mlango wa zamani, ikaganda. Hapo ndipo hasira ilipompanda. Alimwambia mkewe, na kijiji kizima kikasikia, kwamba yule binti amekaza chuma kwa nguvu za kukoboa mpunga, arudi jikoni, na banda asilikanyage tena. Akachukua nyundo na misumari miwili, akaupigilia mlango wa jikoni.

Subilaga alirudi jikoni. Alikaa akichambua maharage. Sisi wenye ndoo tulisema mengi njiani. Tulisema mwanamke gani anaingia kwenye injini, tukasema arudishwe kwao kabla hajaiharibu na nyumba. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema. Nawaambia kwa sababu hadithi inayomsafisha msimuliaji si hadithi kamili.

Ijumaa Mzee alileta fundi kutoka mjini, jina lake Kalinga, mtu wa miwani myeusi na maneno mengi. Gari lilikuwa limesukumwa hadi uani. Kalinga alijaribu hendeli, akaweka sikio kwenye chuma, kisha akatoa hukumu. Njia ni mbili. Ama injini ing'olewe ipelekwe mjini, wiki mbili. Ama trekta la jirani lilivute gari likiwa kwenye gia, mita mia moja tu, na injini itajifungua yenyewe. Mzee aliifikiria Jumamosi, akachagua trekta. Mama Tupokigwe akatumwa kwenda kuliita. Sisi tuliokuwa tunarudi kutoka kituoni tukasimama kutazama. Ndipo mimi nikatua ndoo yangu na kuikalia.

Wakati wakingoja, Kalinga aliuliza kwa kupitisha muda vifuniko vilipangwaje. Mzee akajibu kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwa ndogo, kwamba alivipanga mezani kuanzia mlangoni, pale anapoingilia yeye.

Ukuta wa jiko ulikuwa wa mianzi. Nilisikia sinia la maharage likiwekwa chini.

Mama Tupokigwe hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kubeba neno. Subilaga akatoka kwa nyuma ya jiko, kitenge amejifunika hadi usoni, akatupa mgongo sisi sote. Pale kwenye kigingi alikuwa amefungwa ng'ombe wao, Sifa. Akaishika kamba ya ng'ombe kwa mikono miwili.

"Sifa," akasema, na sauti yake ilifika barabarani, "trekta likilivuta gari hili, krenki itakatika. Gari halijaharibika bado. Kosa ni langu, na kosa lenyewe nalijua."

Kalinga akatazama huku na huku. "Huyu anaongea na nani?"

"Na ng'ombe," nikamjibu.

"Ng'ombe wenu anajua injini?"

"Subiri utaona."

Mzee Asegelile alikuwa tayari amegeuza uso kuelekea barabara, kama desturi inavyotaka. Kisha akasafisha koo na kumsemesha ng'ombe yule yule kwa kisogo.

"Sifa. Muulize aliyekosea, amekosea wapi."

"Sifa, niliambiwa cha kwanza ni cha mlangoni. Mlango wangu mimi ni wa jikoni. Nilianzia huko. Cha nne nimekifunga kwa wa kwanza, cha kwanza kiko kwa wa nne, na wale wawili wa katikati nimewabadilishia."

Kalinga alivua miwani. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kilichomtoka mdomoni kuhusu trekta.

"Sifa," Mzee akasema, "ana hakika?"

"Nilivifunga kwa mkono wangu, kimoja kimoja. Cha mwisho kina mkwaruzo pembeni kama wa ukucha. Ninaweza kuvitoa na kuvirudisha nikiwa nimefumba macho."

Ng'ombe aliendelea kucheua. Kalinga, labda kwa kuona kazi inamponyoka, akamsogelea Mzee na kumwambia asithubutu. Mtu aliyekwisha kuharibu, alisema, hapewi spana mara ya pili. Amfukuze abaki na mboga zake, yeye Kalinga atafungua mwenyewe na kuvijaribu vifuniko kimoja baada ya kingine, na kufikia Jumatatu au Jumanne atakuwa amepata kipi ni cha wapi.

Mzee Asegelile alipomjibu hakuwa na hasira tena.

"Wewe utavitafuta siku nne, yeye anajua vilipo. Usimfukuze aliyefunga. Ndiye ajuaye pa kufungulia."

Kisha akamgeuzia ng'ombe sauti. "Sifa, mwambie na mimi nilikosea. Nilisema mlangoni, nikasahau kwamba nyumba hii ina watu wa mlango mwingine. Aliponiambia ni nzito, sikumsikiliza. Mwambie spana ziko kwenye kikapu."

Subilaga aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya ng'ombe kidogo tu. Halafu akajifunga kitenge kiunoni, akaenda.

Hivi ndivyo walivyofanya kazi bila kuvunja desturi. Tulitandika gunia chini ya gari, Subilaga akaingia chini kutoka upande wa nyuma, Mzee akiwa bado ametazama barabara. Alipokwisha kulala chini, Mzee akaja mbele, akafungua boneti na kuinama juu ya injini. Yeye juu, binti chini, na injini katikati yao ikawa pazia. Hakuna aliyemwona mwenzake. Waliisemesha injini yenyewe. Jambo la kwanza walilokubaliana ni kwamba tangu sasa wataanza kuhesabu kutoka mbele ya gari, kwenye rejeta, na neno mlango lisitajwe tena.

Kalinga alisimama kwanza amekunja mikono. Baadaye akaikunjua, akavua shati, akawa anapokea na kupitisha spana. Trekta lilipofika, dereva wake alilalamika kuitwa bure, akapewa chai na ndizi za kuchoma, akakaa kutazama na sisi. Mama Tupokigwe alirudi nyuma ya trekta hilo, akawakuta mumewe na mkwewe kwenye gari moja, akashika kiuno. Akauliza nani alikuwa anabeba maneno. Tukamwonyesha ng'ombe.

Oili ilimwagwa kwenye beseni. Sampu, lile bakuli la chini la injini, likashuka. Vifuniko vikatoka kimoja kimoja, na kila kimoja Subilaga alikitaja kabla hakijaufikia mwanga: huyu wa nne, huyu wa tatu. Hakukosea hata kimoja. Alipitisha kidole gumba ndani ya bushi la kila kifuniko, ule utando laini unaogusa krenki, kutafuta jeraha. Kwa kuwa injini ilikuwa haijawaka, palikuwa na alama hafifu tu, na Kalinga mwenyewe, kwa haki, alizikagua na kusema hazina neno. Vikaanza kurudi. Kila kifuniko kilipokazwa, Mzee aliijaribu hendeli. Kwa cha kwanza ilizunguka. Kwa cha pili ikazunguka. Kwa cha tatu wote tukasimama. Cha nne kilipokazwa, Mzee aliweka mkono wa kulia mgongoni, akaizungusha hendeli kwa mkono wa kushoto peke yake, taratibu, kama mtu anayekoroga uji.

Hakuna aliyeshangilia. Tuliogopa kuistua.

Sampu ikarudishwa, oili ikamiminwa, Subilaga akatoka chini kwa upande wa nyuma na kusimama huko, oili hadi kwenye viwiko. Jua lilikuwa juu ya migomba ya upande wa magharibi. Mzee akampa Kalinga kiti cha dereva na yeye akashika hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili injini ikakohoa. Mara ya tatu ikawaka, ikanguruma, halafu ngurumo ikalainika ikawa wimbo mmoja usiokatika, bila moshi, bila kugonga.

Vigelegele tulivyopiga siku ile vilisikika hadi kituoni, niliambiwa baadaye. Dereva wa trekta alitupa kofia juu ikakwama kwenye mparachichi. Sifa alikata kamba akakimbilia migombani. Mzee Asegelile alitaka kusema neno, akamtafuta ng'ombe kwa macho, hakumwona. Basi akaweka kiganja kwenye boneti iliyokuwa ikitetemeka na kuiambia injini, "Ndaga fijo." Asante sana.

Kutoka nyuma ya gari sauti ikajibu, nayo ikiiambia injini, "Ndaga, baba."

Jumamosi asubuhi Landrova ilipanda hadi nyumba ya mwisho. Ilipopita kwangu ndoo yangu ilikuwa tayari barabarani tangu jogoo wa kwanza. Ilibeba maziwa ya nyumba zote arobaini, ikalipita lile lori likiwa limesimama chini ya kanisa, ikafika kituoni kabla maziwa hayajapoa. Mkutano ulifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Mfanyabiashara aligeuza lori.

Mwezi uliofuata Mzee alishuka mjini akarudi na seti ya spana mpya ndani ya mfuko wa turubai. Hakumpa Subilaga mkononi, desturi haikuruhusu. Zilipita kwa Mama Tupokigwe. Lakini alisema maneno ya kwenda nazo, na safari hii aliagiza yafikishwe. Alisema hizi si za gari, ni zake.

Lile gari lilitushushia maziwa miaka kumi na moja mingine, na injini haikufunguliwa na mtu mwingine ila yeye. Vijana wengi wa huku wanaojua spana leo walijifunza kwake.

Nimefikiri sana juu ya Ijumaa ile. Subilaga angeweza kukaa kimya nyuma ya mianzi. Trekta lingevuta, krenki ingekatika, na lawama ingemwangukia Kalinga. Yeye angebaki na maharage yake, salama. Alichagua kutoka na kulishika kosa lake mbele ya watu waliokuwa wanamsema. Na Mzee angeweza kumtimua, tungempigia makofi, kisha maziwa yetu yangechachia majumbani. Mtu akikosea, mkono wetu unakimbilia kwanza kumwonyesha njia ya kutokea, kana kwamba kosa litaondoka naye. Haliondoki naye. Linabaki ndani ya injini, na anayejua limekaa wapi tumekwisha kumtuma mbali.

Kwa hiyo siku moja, na siku hiyo itakuja, mtakapokuwa mmekaa kwenye kiti cha kuamua na mbele yenu amesimama mtu aliyefunga vibaya, naye anakubali kwamba alifunga vibaya, msitafute msumari. Mpeni spana, mkae naye mpaka mhimili uzunguke.

Usimfukuze aliyefunga, ndiye ajuaye pa kufungulia.